Siku Nne za Peres Edinburgh

Peres Obuya alikuwa amepika katika nyumba moja ya Lavington, Nairobi, kwa miaka ishirini na saba, na kwa miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kumwuliza angependa kusafiri kwenda wapi. Kwa hiyo Nayan alipopiga simu kutoka Edinburgh na kusema, "Anti, naoa mwezi wa sita na lazima uwepo," alidhani mtandao umekata maneno. Alikuwa kwenye sinki, mikono imejaa povu, simu ameiegemeza kwenye kopo la sukari.

"Niwepo wapi?"

"Huku kwangu. Siku nne tu, anti. Tiketi nakununulia mimi. Usiniambie hapana."

Nayan alikuwa mtoto wa pekee wa Daksha, mwenye nyumba. Peres alipoajiriwa, mtoto huyo alikuwa na miezi minane. Wazazi wake walikuwa wakishinda River Road kwenye duka lao la misumari, mabomba na rangi, na Peres ndiye aliyembeba, akamnyoa nywele za uchanga, akamwonjesha omena, wale dagaa wa ziwani, kwa siri katika nyumba ambayo hata yai halikuingia. Mpaka leo Nayan alizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Siaya, kwao Peres, na marafiki wa mamake walimcheka.

Peres hakukataa, lakini hakushangilia pia. Alisema, "Sawa, baba," akarudi kwenye sufuria zake. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Kila asubuhi alitoka Kawangware kwa miguu kabla ya saa kumi na mbili, na magoti yakaanza kulalamika kabla hajafika kwenye lango la kwanza lenye askari. Safari ya ndege aliifikiria kama kazi nyingine iliyoongezwa juu ya zilizokuwepo.

Jumamosi binti yake Ivyne alikaa naye mezani na simu, wakajaza fomu ya viza. Ivyne alikuwa karani wa mapokezi katika ofisi moja Upper Hill na fomu hazikumtisha. Lakini hii ilikuwa na maswali yasiyokwisha. Baba yako alizaliwa wapi, umewahi kukataliwa kuingia nchi gani, nani atakulisha. Peres alijibu akiwa amefumba macho.

"Mama, wanauliza uhusiano wako na anayekualika."

"Andika mtoto wangu."

"Watakuuliza mbona ni Mhindi."

"Basi andika ukweli."

"Upi sasa? Niandike mwajiri? Si Nayan anayekulipa."

Mwishowe Ivyne aliandika kwamba mwombaji ndiye aliyemlea bwana harusi tangu uchanga. Alimsomea mamake sentensi hiyo, na Peres akaomba asomewe tena.

Kisha ikawa siku ya kuchukuliwa alama za vidole katika ofisi ya viza. Ivyne alitoroka kazini saa ya chakula, akamsindikiza. Msichana wa kule alikuwa mpole. Alimwambia Peres aweke vidole vinne kwenye kioo. Mashine ikakataa. Akavipangusa kwa karatasi yenye unyevu, ikakataa. Akampaka mafuta kidogo.

"Bonyeza kwa nguvu, mama. Pole. Kwani unafanya kazi gani?"

"Naosha vyombo."

Msichana aliushika mkono ule, akaugeuza kwenye mwanga. Ncha za vidole zilikuwa laini kama sabuni iliyotumika. Nyuma yao foleni ilianza kuguna. Ilipofika mara ya sita mashine ikakubali, ila kidole gumba cha kulia kilisumbua mpaka mwisho. Peres alitoka nje, akaketi kwenye ukingo wa maua kando ya barabara, akamwambia Ivyne atangulie kazini. Hakuwa na hasira. Alikaa tu pale nusu saa, mkoba mapajani, akitazama watu wa benki wakirudi kutoka kula.

Nayan naye alikuwa akituma mipango kila jioni. Siku ya kwanza kufika na kupumzika. Ya pili, ngome ya kale juu ya mwamba, kisha kushuka barabara ndefu ya mawe mpaka kwenye kasri, kisha kupanda kilima kuutazama mji wote. Ya tatu, harusi. Ya nne, makumbusho asubuhi na ufuoni mchana. Tena mwezi wa sita jua huko huzama karibu saa nne usiku, aliandika, kwa hiyo watapata muda wa kutosha.

"Sasa watu hulala saa ngapi?" Peres aliuliza.

Ivyne alicheka. Peres hakucheka.

Ndipo Daksha akaja na mpango wake. Alimkuta Peres akichagua dengu, akamwekea karatasi mbele.

"Peres, nimekodisha nyumba ya jiko kubwa huko Edinburgh. Ndugu kumi na wanne wanatoka Leicester. Nimemwambia Nayan abadilishe tiketi yako, uje siku mbili mapema. Tutatengeneza chapati za thepla na chevdo ya kutafuna, na wali wa siku ya harusi. Masala utabeba wewe, sanduku langu limejaa."

Alisema hivyo kama alivyosema kila siku kwamba maziwa yameisha, akaenda zake dukani. Peres aliitazama karatasi. Siku nne zilikuwa zimegeuka sita, na hakuna hata moja ambayo asingekuwa amesimama jikoni.

Alimwambia Ivyne, na Ivyne akawaka. "Mpigie Nayan! Amwambie mamake!"

"Anaoa. Simtii katika ugomvi na mamake wiki hizi."

"Basi utafanya nini?"

"Nitasema mwenyewe."

Ilimchukua siku tatu. Siku ya nne, baada ya kumwandalia Daksha chai ya saa kumi, hakuondoka. Alibaki amesimama kando ya meza.

"Mama Nayan, kule sitapika."

Daksha aliinua macho. "Unaumwa?"

"Siumwi. Nimechoka. Nikienda kupika, afadhali nipike hapa, najua jiko liko wapi. Nayan ameniita harusini. Nataka kukaa kwenye kiti kama watu wengine, nimwone akioa."

"Na nani atapika?"

"Sijui, mama."

Daksha aliiacha chai yake. Kwa siku nane hakumsemesha Peres ila kwa lazima. Alijichemshia chai mwenyewe asubuhi, akaunguza sufuria, akaiacha kwenye sinki. Peres aliisugua. Usiku hakupata usingizi mzuri. Alijiuliza kama ameiharibu kazi kwa ajili ya siku nne za baridi katika mji wa vilima. Lakini maneno yake hakuyarudisha.

Siku ya tisa Daksha aliingia jikoni alasiri, akavuta stuli ya plastiki ya Peres, akaketi. Hakuwa amewahi kuikalia. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na mbili, mjane wa mwaka wa pili, na duka alikuwa akiliendesha peke yake.

"Unajua mimi sijui kupikia watu wengi," alisema. "Kila karamu ya nyumba hii umepika wewe, mimi nasifiwa. Tangu Lalit afariki naogopa hao ndugu zake. Wataingia jikoni, watanitazama. Nikifikiria niko kule peke yangu na sufuria, nataka kulia."

Peres alizima gesi. Miaka yote hiyo hakuwahi kufikiri kwamba mama huyu aliogopa kitu.

"Mbona hukuniambia hivyo?"

"Hata mimi nimechoka, Peres."

"Basi tusipike sisi sote. Kwani kule hakuna hoteli za Wahindi?"

Daksha alimtazama, kisha akacheka kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze, kicheko kifupi cha kukohoa. "Ziko nyingi. Nayan aliniambia tuagize, nikamfokea."

Jioni hiyo hiyo Daksha alimpigia mwanawe, tiketi ikarudi kuwa ya siku nne. Kisha akampa Peres simu.

"Anti, mama amesema umechoka. Na ngome je?"

"Ngome ina ngazi ngapi?"

"Nyingi."

"Wacha ikae. Nionyeshe unapolala, na duka unaponunua mkate. Halafu nitafutie mahali pa kuketi, tukae, uniambie habari za huyo bibi yako. Hiyo ndiyo siku ya pili."

"Na ya nne?"

"Siku ya nne niache nilale mpaka niamke mwenyewe."

"Sawa, anti," Nayan alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Viza ilitoka wiki ya tatu baada ya zile alama za vidole. Daksha ndiye aliyeuliza Peres atavaa nini, na kwa kweli Peres hakuwa amefikiria. Ijumaa wakaenda Biashara Street, wakachagua kitambaa cha zambarau kisicho na maua, wakapanda ngazi za jengo moja nyuma ya River Road mpaka kwa fundi aitwaye Musili, aliyekuwa akimshonea Daksha mapazia. Ilikuwa orofa ya tatu. Musili alianza na mabega, akaandika, akashuka kiunoni.

"Simama wima, mama. Vizuri. Hii ni ya sherehe gani?"

"Mwanangu anaoa," Peres alisema.

Daksha alikuwa dirishani akibishana na mtu wa dukani kwa simu. Kama alisikia, hakugeuka. Fundi alimaliza kupima, akasema nguo itakuwa tayari Jumatano, na Peres akaomba kiti apumzike kidogo kabla ya kushuka.