Picha Zilizotupwa

Katika maabara ile walimwita Bi Vioo, kwa kuwa miaka minne alikuwa akinyoosha vioo vidogo vya kuelekeza miale ya leza, na hakuna aliyethubutu kuvigusa bila idhini yake. Mkuu wa maabara alikuwa mjomba wake. Waliosema amebebwa aliwajibu kwa kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kupoza atomi hadi zikaribie kutulia kabisa, kisha kuzipanga kwa mwanga kama mayai kwenye trei. Baadhi zilisimama badala ya chembe za maada, nyingine badala ya nguvu iliyo kati yake. Sheria ya maumbile hutaka chembe na nguvu za kila mahali zilingane. Atomi zikiishika sheria hiyo, ulimwengu mdogo wa mezani huweza kuulizwa maswali ya ule mkubwa. Picha za atomi zilionyesha zimeishika. Makala ilikuwa imeshakubaliwa na jarida, na udaktari wa Bi Vioo ulisimama juu yake.

Asubuhi moja, akisafisha programu ya kuhesabia picha, alikuta agizo aliloliandika mwenyewe wiki ya kwanza, mitambo ilipokuwa bado inasumbua: picha ambayo atomi zake zimevunja sheria zaidi ya mara mbili itupwe. Alikuwa amesahau kulifuta. Alilifuta, akahesabu upya. Katika kila picha mia, thelathini na nane zilikuwa zimetupwa.

“Mjomba, tumewauliza watiifu peke yao kama wanatii.”

Mjomba alifunga mlango. “Nani mwingine ameona?”

“Hakuna.”

“Basi yaishe hapa. Watasema mpwa kapika, mjomba kapakua.”

“Sikupika. Nilisahau.”

“Nenda kawaeleze hivyo. Na mama yako je? Ukoo mzima unamsubiri daktari. Babu mdogo ameshaweka miadi ya goti lake.”

Bi Vioo alicheka bila kupenda, kisha akajifuta macho. “Mwingine akirudia jaribio ataona. Mficha maradhi, Mjomba.”

“Usinifundishe methali.”

Bi Vioo aliliandikia jarida barua ya kuiondoa makala. Mjomba aliisoma mara mbili, akairudisha bila saini, akatoka. Bi Vioo akaituma kwa jina lake peke yake, kisha akampigia mama yake simu.

Mama alimsikiliza hadi mwisho.

“Nitaanza na shangazi yako,” alisema. “Huyo ndiye mdomo wa ukoo. Akilisikia kwangu, hatapata la kuongeza.”