Gauni la Kurudi Nyuma

Saa moja asubuhi mtaani Kangle, Guangzhou, nchini China, wenzake wameshainamia cherehani, lakini Mwavita Bisimwa anatembea kinyumenyume katikati ya meza. Amevaa gauni jekundu la mteja, na masikioni ameweka visikilizi vya simu. "Pisheni jamani, nisije nikawakanyaga!" anacheka, ingawa roho iko juu.

Mwenye gauni, Mwalimu Liu, anayefundisha dansi ya tango, anakuja kulijaribu saa tatu. Akilikataa tena, cherehani ya Mwavita atapewa fundi mwingine. Bosi wa karakana, ambaye wote humwita Laoban, ameshamwambia hivyo waziwazi.

Mwavita, mwenye miaka 34, alitoka Bukavu kuja kununua vitambaa katika soko la Zhongda. Biashara ikaenda mrama, akabaki na ushonaji aliofundishwa na mama yake. Ndio unaomlipia chumba na chakula.

Na kosa lenyewe, loo, lilikuwa la kwao kabisa. "Mimi ni Mkongomani, bwana! Nimeambiwa gauni la dansi, nikakata la rumba. Nikabana magotini, nikalegeza kiunoni, kiuno kipate kuongea."

Wiki iliyopita Mwalimu Liu alilivaa, akarudi hatua moja nyuma, akayumba, nusura aangukie pasi ya moto. "Bu xing!" akasema. Halifai. Mwavita alitamani ardhi immeze.

Mwalimu hakumfokea. Alitoa simu, akamwekea tango la Argentina la zamani sana, la enzi za santuri, linalokwaruza mwanzo hadi mwisho. Kisha akamshika mkono, akamtembeza.

"Nilitafuta ngoma, sikuisikia," anasimulia Mwavita. "Kumbe piano ndiyo inayokanyaga: moja, mbili, moja, mbili. Fidla inalia juu yake. Mara kinanda cha kukunjua kinavuta pumzi, wote wanasita. Ukidhani wimbo umekwisha, hao, wameondoka tena! Una huzuni ule wimbo, ila hauna uvivu. Na mwanamke ndiye anayerudi nyuma, bila kutazama."

Akafumua gauni zima. Sehemu ya magotini akaipanua, mpasuo akauweka nyuma, ndani yake akaficha marinda: mguu ukirudi yafunguke, ukisimama yajifunge.

Saa tatu Mwalimu Liu anafika, anavaa. Simu inawekwa mezani, lile tango la zamani linakwaruza. Anarudi nyuma. Anasita, marinda yanajifunga. Anaondoka tena mpaka ukutani, na mafundi wote wamezima mashine. Mwavita ameziba mdomo kwa viganja.

"Xing," anasema Mwalimu. Linafaa! Laoban anakohoa, anarejea ofisini kwake. Mafundi wanapiga makofi.

"Namshukuru Mungu, na huyu mama namshukuru sana," anasema Mwavita, akifuta machozi kwa kipande cha bitana. "Mafundi hapa wamejaa tele. Angeenda mlango wa pili, nani angemlaumu? Yeye akanifundisha kutembea, mimi mtu mzima na meno yangu yote!"

Ndoto yake ni kufungua karakana yake ya nguo za dansi. Kwanza, Jumamosi amealikwa na Mwalimu kwenye ukumbi wa dansi, na hana cha kuvaa.

Anachukua futi, anajizungushia kiunoni, anaangalia kitambaa chekundu kilichobaki.

"Nyuma nitaweka mpasuo wa tango," anasema. Halafu anashusha sauti. "Ila hapa kiunoni nitalegeza kidogo. Mwalimu atanisamehe."