Siku Majirani Walipokataa Nyama ya Zerida

Kilembe nzima inamjua Zerida kwa pua kabla ya kumjua kwa jina. Jiko lake liko karibu na geti la hospitali, na mchuzi wake wa mbuzi unaanza kunukia saa nne asubuhi, wauguzi wakiwa bado na wagonjwa mikononi. Mimi nimekula vya watu wengi tangu enzi za kampuni ya shaba, hata vya mpishi wa meneja mkuu nimevionja, na sijaona anayemshinda. Mtu akisema chakula chake kimepungua chumvi, Zerida hanyamazi. Atamwita arudi aonje tena mbele ya watu.

Baba yake alitoka Kenya kuja huku Uganda kuchimba shaba. Alichimba, akazeeka, akafa, na alichomwachia binti yake ni chumba katika nyumba za mgodi na sufuria tatu kubwa. Shamba hakuacha. Sisi watoto wa mgodi ndivyo tulivyo, tuna mahali pa kuzaliwa, hatuna mahali pa kuzikwa. Na mto Nyamwamba ukijaa, Zerida hubeba godoro na sufuria kupanda mlimani, halafu hushuka kuzoa matope. Siku moja aliposhuka akaniambia, "Mama Jolly, nimechoka kuhamishwa na maji. Nataka ardhi ambayo hata dunia yote ikinikasirikia, hakuna wa kuniambia toka."

Pesa alikuwa nayo, ya miaka mingi ya mchuzi, lakini ingetosha kununua mara moja tu. Akikosea, basi.

Ndipo akaja Bright, dalali wa viwanja, mtu wa viatu vilivyochongoka na simu mbili. Alisema kuna kiwanja Nyakiyumbu, si mbali na Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, milioni nane, bei ya kutupa.

"Kwa nini ni rahisi hivyo?" Zerida akauliza.

"Mwenyewe ana shida ya haraka, mama. Na kuna mtu wa Kampala anakitaka. Ukilala, utaamka kimeenda."

"Basi kiende. Mimi nikiharakishwa ndiyo nalala zaidi."

Hakikwenda. Huyo mtu wa Kampala nimemsikia tangu nikiwa msichana. Kila kiwanja cha wilaya yetu ya Kasese anakitaka, na hajanunua hata kimoja.

Kila safari ya kwenda kukiona, Bright alidai pesa ya mguu, halafu pesa ya mafuta, ingawa bodaboda ilikuwa ya kukodi na Zerida ndiye aliyeilipa. Mara ya kwanza alitoa. Mara ya pili akasema, "Mguu wako umeshaijua njia, sasa utembee bure." Akaenda siku ya mvua kubwa, akasimama katikati ya kiwanja na mwavuli wake aone maji yanapita wapi. Yakapita mbali, yakashuka bondeni. Akauliza habari za tembo wa mbugani, akaambiwa hawafiki huko. Akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, akaambiwa ardhi ni ya marehemu baba yake Danieri, huyo anayeuza, na Danieri ndiye mtoto wa kiume aliyebaki. Mimi mwenyewe nilimwambia anunue.

Kwa Wakonzo wa pale ardhi haiuzwi kwa karatasi peke yake. Kuna siku ya mpaka. Majirani wanaitwa, wanazunguka mipaka pamoja na mwenye kuuza na mwenye kununua, halafu mnunuzi anachinja mbuzi na watu wanakula pale pale juu ya ardhi. Baada ya nyama ndipo pesa inatoka. Bright alitaka kuiruka hiyo siku. "Nipe pesa ya mbuzi, nitawagawia majirani mimi mwenyewe," akasema. Zerida akakataa, si kwa kuijua mila, bali kwa sababu hajawahi kumpa mtu mwingine pesa ampikie mbuzi.

Basi tukaenda, mimi nikiwa shahidi wake. Alipika tangu alfajiri, mchuzi na bundu, ule ugali wa muhogo. Tukazunguka mipaka nyuma ya Danieri, mtu mwembamba wa maneno machache, aliyevuta kofia mpaka machoni. Tukakaa. Zerida akapakua.

Hakuna aliyekula.

Hawakukataa kwa ubaya. Mama mmoja alisema jino linamsumbua. Mwingine alisema amefunga kwa maombi, nami asubuhi ile ile nilimwona akitafuna muwa. Mzee Yeseri, anayepakana na kiwanja upande wa juu, akaishika sahani, akainusa kwa muda mrefu, akairudisha chini taratibu kama mtu anayelaza mtoto.

"Daktari alinikataza," akasema.

"Daktari gani?" Zerida akauliza.

"Wa Bwera."

"Alikukataza nyama, au alikukataza yangu?"

Danieri alikuwa anatazama migomba ya jirani. Bright akasogea. "Mama, hawa wameshiba kwao. Toa pesa tumalize, jua ni kali."

Zerida hakumsikia. Naapa wakati ule hakufikiria ardhi, wala pesa iliyofungwa kiunoni mwake. Alifikiria mchuzi. Akauonja, akaonja bundu, akanipa na mimi nionje. Haukuwa na kasoro. Akakaza kitenge chake, akamfuata Mzee Yeseri aliyekwisha kuanza kuondoka.

"Mzee, hapa hutoki. Niambie nyama yangu ina nini."

"Nyama iko muzuri, mama. Hiyo harufu inanitesa tangu asubuhi."

"Basi kula."

"Siwezi." Akashusha sauti, lakini mzee asiyesikia vizuri hana sauti ya chini, na sote tulimsikia. "Nikikula nyama ya mpaka, nimekubali ardhi imeuzwa. Kesho Kabugho anavuka kutoka Kasindi, kule Kongo, ananiuliza, baba, ulikula? Nitamwambia nini? Danieri iko na dada, ndiye huyo Kabugho. Baba yao aliwaachia wote wawili, sisi tulikuwako. Danieri ni mtoto wetu, hatuwezi kumtangaza kwa wageni. Lakini kula hatuli."

Danieri akavua kofia. "Nilikuwa nitamwambia," akasema.

"Lini?" Zerida akauliza. "Nikishaezeka?"

Bright akasema hayo ni ya familia, na mwanamke aliyeolewa Kongo hana lake huku. Yule mama wa jino na yule wa kufunga wakamgeukia kwa pamoja, na walichomwambia kwa Lhukonzo siwezi kukiandika.

Mimi nilisema turudi Kilembe, tushukuru Mungu pesa bado iko kiunoni. Zerida akarudisha nyama ya sahani sufuriani, ikajaa kama ilivyotoka motoni.

"Nyama hii hailali," akasema. "Kasindi ni mbali?"

Si mbali. Tulikodi bodaboda mpaka Mpondwe, sufuria imefungwa kwa kitenge, Danieri nyuma yetu kama mtu anayepelekwa kung'olewa jino. Mpakani mlinzi akauliza tumebeba nini.

"Mbuzi," Zerida akasema.

"Wa kuuza?"

"Wa kuulizia."

Akacheka, tukapita. Kabugho tulimkuta sokoni kwenye vitenge vyake, mwanamke mpana, macho kama ya ndugu yake ila haya hayakimbii.

"Danieri," akasema, "hii nyama ni ya nini? Ni mutu gani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa," Zerida akajibu. "Nilitaka kununua shamba lenu. Majirani hawali mpaka wewe ukubali. Ukikataa, kula tu kama mgeni wangu, nami nitarudi na pesa yangu."

Kabugho akamgeukia ndugu yake. "Unauzisha udongo ya papa, na miye niko hapa karibu?"

"Ni karo ya watoto, dada."

"Na ya kwangu wanasoma na majani? Bei ngapi?"

"Milioni sita."

"Mimi niliambiwa nane," Zerida akasema.

Tukageuka kumtafuta Bright. Hakuvuka. Kabla ya daraja la mpakani alikumbuka kazi Bwera.

Kabugho akacheka mpaka akajifuta macho. Kisha akamtazama Zerida vizuri. "Unakuja kulima, ao kuuzisha tena?"

"Kukaa. Sina kwingine."

"Basi sita. Tatu yangu mu mukono yangu, si mu ya Danieri. Na mihogo yenye iko mule ni yangu mpaka nivune." Zerida akafunua sufuria, Kabugho akaifunika tena. "Apana hapa. Nyama ya mpaka tunakulia ku shamba."

Akafunga meza yake, tukavuka naye. Majirani walirudi bila kuitwa. Kabugho alichukua kipande cha kwanza, na baada yake sikuona jino lenye maumivu wala mtu aliyefunga. Mzee Yeseri alimsahau daktari sahani tatu. Ndugu wote wawili wakatia sahihi, mwenyekiti akagonga muhuri, pesa ikatoka mbele ya macho yetu. Bright alitokea mwishoni kudai fungu lake. Zerida akampa ya kuonyesha njia, maana njia kweli alimwonyesha, na sahani ya nyama. Nyingine akamwambia amdai mtu wa Kampala.

Sasa nyumba imefika kwenye lenta, na mimi na Zerida tumegombana mwezi mzima juu ya jiko likae wapi. Mimi nasema upande wa juu, kuna upepo mzuri. Yeye anasema hapana, upande wa juu ni wa Mzee Yeseri, na harufu ikimfikia hatutamtoa mezani.