Mlinzi wa Al Sadd na Wageni Wake

Mama mmoja, mlinzi wa mlango wa duka kubwa katika mtaa wa Al Sadd, ughaibuni, husimama mikono nyuma, kidole gumba kikisugua kiganja, na hapandishi sauti hata anapomwita mteja aliyesahau mfuko. Desemba hii alichukua likizo ya siku kumi, kwa kuwa mama yake alikuja kutoka Tanga pamoja na Zuhura, binti yake aliyemwacha huko akiwa na miaka mitatu, na sasa ana minane. Kwenye uwanja wa ndege mtoto alisema, “Shikamoo, anti,” akajificha nyuma ya bibi yake. Mlinzi aliitikia, “Marahaba, mwanangu,” na hakumsahihisha, ingawa njia nzima kidole kilisugua kiganja.

Ijumaa walikwenda kutembea Kornishi, njia ya kandokando ya bahari. Upepo wa bahari ulikuwa na baridi, na mtoto alitetemeka. Mlinzi alipiga magoti, akaanza kumfunga vifungo vya sweta, kimoja kimoja, kuanzia chini.

“Bibi huanzia juu,” Zuhura alisema.

“Mimi huanzia chini, visipishane.”

Mtoto akajikagua, akaona kweli havikupishana. “Na kesho utanifunga?”

“Kesho, na keshokutwa.”

Zuhura alifikiri kidogo, kisha akamgeukia bibi yake. “Bibi, wewe tangulia. Mimi nakuja na mama.”

Bibi alitangulia bila kugeuka nyuma. Mlinzi alinyanyuka, akaushika mkono ule mdogo, akatembea polepole kuliko kawaida yake, ili njia irefuke.