Kiyoyozi kwenye Paa la Mjane

Jumamosi moja Mama alipanga nguo zake kwenye begi, akaliweka mlangoni, akaniambia, "Nirudishe Kegonga. Hapa joto litaniua kabla moyo haujaniua."

Mimi ndiye niliyemleta Homa Bay. Moyo wake ulikuwa umechoka, miguu inavimba mpaka viatu havimwingii, na kliniki ya moyo iko huku ninakofundisha, haiko kwetu. Daktari alikuwa ameniambia wazi kwamba akikosa kliniki hatamaliza mwaka. Lakini Kegonga ni mlimani, asubuhi mtu anajifunika sweta. Huku chini, karibu na ziwa, Mama akilala pumzi inakata, akikaa jasho linamtiririka.

Na kiyoyozi kilikuwepo! Hilo ndilo lililonichoma. Nyumba hii niliichukua kwa sababu hiyo AC ilikuwa ukutani, nikijua siku moja Mama atakuja. Ni nyumba moja ndefu chini ya bati moja: upande huu nakaa mimi, upande ule anakaa mwenye nyumba, mjane ambaye mtaa mzima unamwita Dani, yaani nyanya. Marehemu mumewe ndiye aliyeweka AC upande wa wapangaji, na mashine yake ya nje akaifunga juu ya bati ili wezi wasiifikie. Nilipoingia tulielewana kwa mdomo: kilicho ukutani ni cha Dani, kilicho sakafuni ni changu. Bomba likipasuka ni shauri yake. Kiti kikivunjika ni shauri yangu. Basi AC ilipokoroma siku mbili tatu kisha ikanyamaza kabisa, sikuona haja ya wakili. Iko ukutani.

"Nitaona, Mwalimu," Dani aliniambia.

Nikangoja. Nikamkumbusha. "Nitaona." Nikamwambia asijisumbue, nitamtafuta fundi mwenyewe, yeye aseme ndiyo tu.

"Hapana. Mwanaume hapandi juu ya nyumba hii."

"Kwa nini?"

"Nimesema hapana."

Jioni hiyo akaniletea feni yake mwenyewe ya mezani, shingo imefungwa kwa kamba, akaiweka mbele ya Mama. Niliipokea kwa hasira. Ndiyo, mtu anaweza kupokea kitu kwa hasira. Sisi Wakuria hatujui kuzungushwa, na nilisema maneno ambayo kwa bahati njema yalikuwa ya Kikuria. Mama aliniangalia kwa jicho lile la zamani, nikaichomeka. Feni yenyewe ilikuwa inasukuma joto kutoka kona hii kwenda kona ile.

Sasa begi likawa mlangoni. Nikasema potelea mbali, nikampigia fundi simu, akaja mchana kweupe na ngazi yake. Aliiegemeza ukutani, akaweka mguu mmoja, kisha akageuka akatazama nguo za Dani kwenye kamba.

"Mzee wa hapa yuko?"

"Alifariki zamani."

"Na huyu mama ako na mtu?"

"Mtu gani? Wewe umekuja kutengeneza AC ama umekuja kuposa?"

Aliondoa mguu kana kwamba amekanyaga kaa la moto. "Aa, madam, pole sana. Mimi niko na bibi nyumbani." Akabeba ngazi yake akaenda zake, nami nikabaki nimeshika kiuno. Jamani! Mji gani huu, mtu anakimbia kazi?

Mvua ikaanza kumwagika. Nikavuka hadi kwa Dani nikiwa nimeshapanga maneno yote mdomoni, nikasukuma mlango bila hata hodi.

Godoro lilikuwa limekunjwa nusu. Kitandani kulikuwa na beseni, sakafuni sufuria, juu ya kabati bakuli, na kila kimoja kinalia tip, tip, tip. Dani alikuwa ameketi kona pekee iliyo kavu, miguu ameinyanyua kwenye kigoda.

"Kaa, Mwalimu," alisema. "Lakini si hapo, hapo panavuja."

Ndipo akaniambia. Kwa desturi yao Wajaluo, mwanaume anayepanda kutengeneza paa la mjane huhesabiwa kuwa ndiye aliyemrithi. Mumewe alipofariki, shemeji yake alitaka kumrithi, yeye akakataa. Shemeji akasema sawa, tutaona nani atakufungia bati. "Na kila siku anapita hapo barabarani akiangalia juu. Fundi yeyote Mjaluo anajua, anaogopa. Asiyejua akipanda, watu watasema nimepata mtu, na nyumba hii ndugu za mume wangu watakuja kuidai."

"Kwa nini hukuniambia, Dani?"

"Ungecheka."

Ningecheka kweli. Lakini beseni lilikuwa linajaa mbele yangu na sikuweza.

Mlango ulifunguka. Alikuwa Mama, ameshika ukuta, anahema. Alikuwa amesikia kila kitu, maana ukuta wa kati ni wa mbao nyembamba tu. Mama aliuza mahindi mpakani miaka mingi na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu mimi mwalimu.

"Sasa si mtafute fundi mwanamke?" alisema. "Huyo atamrithi nani?"

Dani akatikisa kichwa. "Mwanamke kupanda paa, hiyo nayo ni mwiko."

"Mwiko unamshika nani? Wewe au anayepanda?"

Dani alifikiri. "Anayepanda."

"Basi tumuulize yeye. Ila mhakikishe hatoki kwetu," Mama akaongeza, "kwetu Kuria mwanamke anaweza kumwoa mwanamke mwenzake. Asije akakuoa wewe!"

Dani alicheka mpaka akaangukia godoro lililolowa. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka, na nilimpenda palepale.

Fundi tulimpata Migori mjini, mwanadada anayetengeneza friji. Nilimweleza kila kitu kabla hajagusa ngazi. Akavuta suruali yake juu, akasema, "Mimi nimeokoka. Ninaogopa stima tu." Akapanda.

Dani mwenyewe ndiye aliyeishika ngazi, kwa mikono miwili. Shemeji akapita na baiskeli yake, akasimama, akaangalia juu, akaangalia tena. "Shemeji, karibu chai!" Dani alimwita kwa sauti ya mtaa mzima. Mzee wa watu alikohoa, akapanda baiskeli yake akaenda.

AC haikuwa na ugonjwa mkubwa, kifaa kimoja kilikuwa kimeungua. Baridi ilipotoka Mama alifumba macho. Fundi alianza kushuka, na Dani akamwita kutoka chini, polepole, kama anayeomba maji kwa mgeni: "Mwanangu, kwa vile bado uko huko juu, hayo mabati ya upande wangu..."

Akapigilia misumari mpaka jua likainama. Sikuuliza tena ni shauri ya nani.

Mvua iliyofuata ilinyesha kwa fujo. Nilikuwa nasahihisha madaftari, Mama amelala, tena chali. Hodi ikapigwa. Dani aliingia na lile beseni kubwa la kitandani mwake, kavu, akalijaza maji ya vuguvugu jikoni kwangu na kuliweka sakafuni mbele ya kitanda.

"Dada, amka. Kwangu hili halina kazi tena. Loweka miguu."

Mama aliishusha miguu yake iliyovimba mmoja mmoja, akapumua. Wakakaa wawili wakisikiliza bati. Kisha Mama akanigeukia.

"Wewe, toa hilo begi mlangoni. Mtu atajikwaa."