Mwaka Baba Alipotaka Kuacha Uinjilisti

Baba yangu alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri katika kijiji kimoja karibu na Kifanya. Siku za juma alilima mahindi na njegere kama majirani zake, na Jumapili alivaa koti lake jeusi akasimama mbele ya watu kufundisha. Mchungaji alifika kwetu mara moja kwa miezi miwili au mitatu, kwa hiyo watu wengi wa pale walilijua neno la Mungu kwa sauti ya baba.

Habari za uumbaji ndizo alizozipenda kuliko zote. Alizisimulia kwa Kibena, akizihesabu zile siku sita kwa vidole, na alipofika kwenye wanyama aliiga mlio wa kila mmoja mpaka watoto tukacheka kanisani. Mama alimkanya mara nyingi kuhusu mlio wa fisi.

Nilipokuwa shule ya kati ya wasichana, serikali ya Mwingereza ilimleta bwana mmoja kupima miamba upande wa kusini, kuelekea Ziwa Nyasa. Watu wa huko walisema Kipangwa, na yule bwana alijua Kiswahili cha kuungaunga tu. Baba alizaliwa na mama Mpangwa, akachaguliwa kuwa mkalimani wa bwana huyo. Akaenda kiangazi chote.

Niliporudi likizo nilimkuta ameshafika nyumbani, lakini alikuwa amebadilika. Mwili ulikuwa mzima na wageni alicheka nao. Ila Jumapili alisoma zaburi, akaomba, akawaruhusu watu waende. Hapakuwa na mafundisho.

"Tangu arudi yuko hivyo," mama aliniambia tukimenya viazi. "Watu wanadhani anaumwa kifua. Mimi najua si kifua."

Siku ya tatu nikamuuliza mwenyewe, tukipalilia njegere. Aliegemea jembe lake.

"Tulivunja mwamba kwenye korongo, chini kabisa, karibu na makaa ya mawe," alisema. "Ndani ya jiwe palikuwa na jani. Mishipa yake yote ilionekana, kama limeanguka jana. Nikamuuliza yule bwana nani aliyeliweka humo. Akasema lilianguka kwenye matope kabla hapajakuwa na mtu hata mmoja duniani wa kuliona."

"Ukamwamini?"

"Nimefanya naye kazi miezi minne. Hakunidanganya hata kwa jambo dogo. Kwa nini anidanganye kwa hili?"

Nilikuwa na miaka kumi na mitano na nilijiona msomi. Nikamwambia, kwa furaha ya mtu aliyetangulia kujua, kwamba hayo sisi tulishafundishwa kwenye jiografia, na kwamba zile siku sita ni hadithi za watu wa kale waliokosa shule.

Baba hakunikemea. Aliniangalia, akauliza taratibu, "Na Mungu je? Naye ni hadithi ya watu wa kale?"

Aliinama akaendelea kupalilia, nami nikatamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimemkanyaga mtu palepale alipokuwa na kidonda.

Mchana huo alimweleza mama tuliyoyazungumza, akamwambia kwamba anakwenda kwa mchungaji kurudisha kazi. "Siwezi kuwafundisha watu jambo ambalo moyo wangu unaniuliza kila nikilitamka," alisema.

Mama hakumzuia. "Nenda," alimjibu. "Lakini mchukue na binti yako. Maneno yake nayo yanataka mtu mzima wa kuyasikiliza."

Mchungaji wakati huo alikaa upande wa Kitandililo. Tulitembea mpaka Njombe, na kesho yake asubuhi tukapata lori la magunia ya mahindi lililokuwa linakwenda Makambako. Tulikaa juu ya magunia, baba akanifunika koti lake kwa sababu ya baridi. Makambako ya siku hizo haikuwa na reli. Ilikuwa njia panda yenye maduka machache ya mabati na upepo usiokwisha. Tukashuka, tukanywa chai, tukaendelea kwa miguu.

Mchungaji tulimkuta akifyatua matofali ya shule, tope limempanda mpaka viwikoni. Alikuwa Mbena mzee, mfupi, mwenye sauti ndogo. "Kamwene," alitusalimu, akanawa mikono, akatuingiza ndani. Mkewe akaleta uji.

Baba alieleza kila kitu, hata yale niliyomwambia shambani. Kisha akaweka mezani ufunguo wa kanisa na kitabu cha ibada.

Mchungaji hakuvigusa. "Mwalimu," alisema, "jua liliumbwa siku ya ngapi?"

"Ya nne, mchungaji."

"Sasa jioni na asubuhi za zile siku tatu za kwanza zilitoka wapi?"

Baba alikunja vidole vitatu, akavitazama. Miaka yote alizihesabu siku zile kwa vidole na hakuwahi kujiuliza.

"Mimi nilimuuliza mmisionari nilipokuwa nasomea uchungaji," mzee aliendelea. "Akaniambia nikae chini. Nikakaa, lakini swali nikabaki nalo mpaka leo. Siku ya Mungu ina urefu gani, sijui. Ninachojua ni kwamba aliyeanza ni yeye, na mimi sikuwepo."

Kisha akanigeukia. "Na wewe binti, shuleni wamewafundisha jinsi milima ilivyotokea. Wamewafundisha pia kwa nini ikawepo?"

"Hapana, mchungaji."

"Basi usimdai mwalimu wako jambo hilo, si kazi yake. Na Musa aliyeziandika zile siku sita, naye usimdai ramani ya miamba."

Akamsukumia baba ufunguo. "Rudi nao. Jumapili waambie watu ulichokiona. Waambie na usichokijua."

Jumapili baba alifanya hivyo. Aliwaeleza habari za korongo na jani, akasema wazi kwamba miaka ya jani hilo hawezi kuihesabu wala hajui namna ya kuilinganisha na zile siku sita. "Lakini aliyeliumba jani lile ndiye aliyeniumba mimi," alisema, "na naona hakuwa na haraka."

Mzee mmoja wa kanisa alisimama katikati ya maneno hayo, akatoka na mkewe. Jambo hilo lilimuuma baba sana, kwa kuwa mzee huyo ndiye aliyemfundisha kusoma. Kwa miezi kadhaa waliabudu nyumbani kwao, wawili tu. Kila juma baba alikwenda kuwajulia hali. Walizungumza habari za mvua na ng'ombe, hawakuligusa lile jani, na baba akaaga akarudi. Baada ya mavuno ya ngano tukamwona mzee ameketi mahali pake pa zamani.

"Hilo jani lako sijalikubali," alimwambia baba mlangoni baada ya ibada. "Tumechoka tu kuimba peke yetu."

Baba alicheka mpaka akafuta machozi. Walibaki marafiki, na sidhani kama walikubaliana hata siku moja.

Kuna waliomwonya baba kwamba akiniacha niendelee na shule nitapoteza imani. Aliniacha niendelee. Nimewajua wasomi wenzangu walioambiwa nyumbani wachague kitabu kimoja wakichome kingine, wakachagua, na wengine wao mpaka uzeeni hawakuweza kukaa meza moja na wazazi wao. Mimi sikuambiwa hivyo, na kwa hilo nawashukuru watu watatu: baba, mama aliyenituma njiani, na mzee mwenye tope mikononi.

Bendera ya Mwingereza ilikuwa haijashushwa bado nilipoanza chuo cha ualimu. Siku ya kwanza ya somo la viumbe tuliwekewa ngozi nyembamba ya kitunguu chini ya hadubini. Zamu yangu ilipofika niliinama, nikaona vyumba vidogo vidogo vimepangana vizuri, safu kwa safu. Mkufunzi aliniuliza naona nini. Nilichelewa kumjibu, kwa sababu nilikuwa nasali. Kisha nikachukua penseli nikachora.