Mbuzi wa Kumkataa Mtoposa

Nilikwenda soko la mifugo la Doha kuchagua mbuzi wa kumkataa mwanamume. Mwanamume mwenyewe ndiye aliyenipeleka, na njia nzima alinishikia mkoba.

Alitaka kumwoa mjukuu wangu. Mjukuu wangu ni nesi, na namtaja kifua mbele: mimi niliacha shule darasa la pili, yeye anawadunga sindano matajiri. Anaishi Fereej Bin Mahmoud, kwenye ghorofa ambayo hata lifti yake inanukia udi. Alinitumia tikiti nije nimwone mchumba. Aliponiambia ni mlinzi wa hoteli anayelala Industrial Area, chumba kimoja na wenzake, niliendelea kunywa chai. Kazi ni kazi. Aliponiambia ni Mtoposa, niliweka kikombe chini.

Sisi ni Waturkana wa Kibish, ukingoni mwa Ilemi. Ilemi ni pembe ya jangwa ambayo Kenya inaishika, Sudan Kusini inasema ni yake, na Ethiopia nayo haijanyamaza. Wazungu waliichorea mistari kwenye karatasi, nasikia mmoja mwekundu, mwingine wa buluu. Mimi nimeitembea tangu sijaota matiti, na rangi niliyoiona ni ya vumbi. Kuna milima ya Lorienatom, ambako nyasi hubaki kijani kidogo wakati kwingine kumekwisha kuwa kweupe kama mfupa. Kuna laga, yaani mito ya mchanga, ambayo unachimba hadi kiwiko, halafu hadi bega, halafu unaingia shimoni mzima na kumpandishia mwenzio maji kwa karai. Mvua ikinyesha upande mmoja, kila mwenye ng'ombe anahamia huko, na huko ndiko bunduki hukutana. Wakubwa wa serikali husema tunapigania mpaka. Ng'ombe gani anakula mpaka?

Nilikuwa na duka la mabati pale Kibish, na Kiswahili changu nilikipata kwa askari wa kituo waliokuja kununua sigara na kupiga domo. Niliuza tumbaku, unga, chumvi na shanga. Wadasanechi walileta mtama na samaki wakavu kutoka ziwani. Watoposa, majirani zetu wa Sudan Kusini, walitoka magharibi na ngozi, na punje za dhahabu walizozichekecha mchangani, wamezifunga kwenye kitambaa kama dawa. Mtu aliyetupiga risasi kiangazi alikuja wakati wa mvua kuonja tumbaku yangu na kulalamika kwamba imelowa. Nilimuuzia. Lakini mjukuu si tumbaku. Mume wangu alichechemea hadi siku tuliyomzika, kwa risasi ya Mtoposa iliyokaa gotini.

Ndugu yangu, ambaye sasa ndiye mzee wa boma, alinipigia simu. "Chinja mbuzi usome matumbo. Ukiona njia nyeusi inatoka magharibi, mrudishe mtoto nyumbani."

Kwetu matumbo ya mbuzi ndiyo ramani. Ukiyatandaza unaona boma, maji, malisho, na adui anatoka upande gani. Kuyasoma ni kazi ya wazee wa kiume. Mimi ni mwanamke, ila nimewapikia wasomaji hao maisha yangu yote, na sijawahi kufumba macho nikipika. Doha mzee wa kiume hakuwepo, nikajipa cheo.

Mjukuu wangu alikubali. "Ukisema hapana, ata, sitaolewa naye." Ata ndiye nyanya kwa lugha yetu. Alisema hayo akiwa amenipa mgongo, anasugua sufuria ambayo alikwisha kuiosha.

Basi Ijumaa asubuhi tukawa sokoni, mimi na huyo Mtoposa. Mbuzi wa Somalia, mbuzi wa Sudan, kondoo waliokuja kwa meli kutoka nchi nisizozijua, wote wanatafuna shayiri chini ya mapaa ya bati. Muuzaji Msudani aliniita hajja. Nilimwambia mimi ni Mkatoliki. Akaniita hajja tena na kupunguza bei. Nilifungua midomo ya mbuzi, nikavuta kope, nikapapasa mbavu, hadi nikamshika mmoja mwekundu mwenye macho makavu.

Yule kijana akasema, kwa Kitoposa chake ambacho ni Kiturkana kilichopinda kidogo, "Ata, huyu ni wa kunikaribisha au wa kunifukuza?"

"Wa kukufukuza."

"Basi chukua yule mweusi. Huyu ana tumbo zuri, atanitetea."

Nilitaka kucheka nikajizuia. Nikabaki na yule mwekundu, nisije nikaonekana nimeshauriwa na Mtoposa.

Machinjioni palikuwa na vita. Mchinjaji, Mbangladeshi mwenye buti za mpira, alikwisha kuinua matumbo ayatupe kwenye pipa. Nilipiga kelele hadi akasimama mkono juu. Kijana akazungumza naye Kiarabu.

"Anauliza kama tuna paka wengi."

"Mwambie asikate hata kidogo, na tumbo kubwa asilipasue. Mwambie tunataka kuyasoma."

"Ata, nikimwambia hivyo ataita polisi."

Sijui alimwambia nini. Tulirudi na nyama kwenye mfuko mmoja na matumbo kwenye mwingine, na ule wa matumbo aliubeba yeye, mbali na shati lake jeupe la kazi, maana alikuwa na zamu saa kumi.

Niliweka sinia sakafuni jikoni. Kabla ya kusoma lazima ujue mashariki iko wapi, la sivyo unasoma nchi iliyopinduka. Mimi nilijua. Kila asubuhi tangu nifike, jua lilinipiga usoni kupitia dirisha la jikoni. Nikaketi, dirisha mbele yangu, mlango mgongoni, nikayatandaza matumbo.

"Hapa katikati ni boma letu," nikasema. "Hii ni laga ya Kibish. Hapa pamevimba, mvua ipo." Halafu nikaiona, na moyo ukaruka kwa furaha, sitadanganya. Njia nyeusi. Ilitoka upande wa mlangoni, nene, ikapita katikati na kwenda dirishani ikipungua. "Magharibi! Nilisema mimi! Hawa wanakuja!"

"Ata, huo ni mshipa tu," mjukuu wangu akasema. "Ni damu imeganda."

"Nesi, nyamaza. Hospitali yako haiko hapa."

Kijana alinawa mikono akapiga magoti. Aliangalia muda mrefu, kama mtu aliyelelewa na watu wanaojua. Nilingoja akatae.

"Njia ipo," akasema. "Ni nyeusi kweli." Mjukuu wangu akafunika uso. Kisha kijana akainua kichwa kuelekea dirishani. Chini, msikiti ulikuwa umejaa na watu wametandika mikeka hadi barabarani kwa swala ya Ijumaa. "Ata, wale wanaelekea wapi?"

"Maka, wataelekea wapi tena?"

"Na Maka, ukiwa Doha, iko upande gani?"

Nilisimama. Nikasogea dirishani. Wale watu chini walikuwa wametupa migongo, vichwa vyao vinaelekea jengo la vioo lililo mbele yetu, upande ule ule niliouita mashariki.

"Magharibi," mjukuu wangu akasema polepole, akitoa mikono usoni. "Maka ni magharibi, ata. Dirisha hili halijawahi kuona jua la asubuhi. Unaliona kwenye vioo vya jengo lile."

Wiki nzima nilikuwa nasalimia kioo. Mimi, niliyezivuka laga bila nyota, nimepotezwa na dirisha la jirani! Niliketi tena, nikaangalia sinia upya. Magharibi ni dirishani, mashariki ni mlangoni. Njia ilianza mlangoni, nene. Ilitoka kwetu ikaenda kwao.

Kijana hakucheka, na kama angecheka ningemtoa nje na nyama yake. Akasema tu, "Nilikuwa mdogo. Tuliamka zizi liko wazi, hamna hata ng'ombe mmoja. Mama alituchemshia ngozi, tukanywa supu yake."

"Najua," nikamwambia. "Mume wangu alirudi na ng'ombe kabla ya kurudi na goti bovu. Huyu unayemtaka alikua kwa maziwa ya ng'ombe hao."

Kijana akajikuna kidevu.

"Basi, ata, mahari nilikwisha kulipa."

"Mwongo we! Utalipa yote, na ng'ombe wawe na pembe!"

Nilisikia nilichosema baada ya kukisema. Mjukuu wangu alisikia kabla yangu, maana alikuwa amekaa sakafuni, analia na kucheka.

Nikampigia ndugu yangu. Nyuma ya sauti yake mbuzi wetu walikuwa wanalia.

"Umeiona njia?"

"Nimeiona. Nyeusi."

"Inatoka wapi?"

"Kwetu."

Yeye pia alikuwamo katika safari zile za kuchukua ng'ombe. "Una hakika na mashariki yako?"

"Nimeonyeshwa na mtaa mzima wa Waislamu."

"Wewe ndiye uliyekaa na sinia," akasema mwishowe. "Sema wewe."

Nikapasua tumbo kubwa. Kwetu anayebarikiwa hupakwa majani yaliyo tumboni mwa mbuzi, kifuani na mabegani. Ya kwetu huwa ya kijani na yana harufu ya nyika. Haya yalikuwa shayiri iliyolowa, rangi ya uji. Nikayachota hivyo hivyo.

"Vua shati."

"Ata, ana zamu saa kumi!" mjukuu wangu akapiga kelele. "Ni hoteli ya kifahari!"

"Hoteli itanusa."

Alivua. Nilimpaka kifua chote, mabega yote, nikamwambia neno la baraka ambalo mume wangu angelisema kama angekuwepo. Sehemu ya mwisho nilimpaka mjukuu wangu kwenye koo. Kijana hakuoga. Alivaa shati lake jeupe juu ya yale majani, akafunga vifungo hadi juu, akaweka kofia ya kazi. Akashuka kungoja basi la kampuni. Nilimtazama kupitia dirisha langu la magharibi: amesimama wima kando ya barabara, na wenzake wawili wamesogea hatua moja pembeni, wameshika pua.